Kuvisha Upya Viti vya Motokaa ya Zamani

Mafunzo kwa mtu atakaye kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe

Ziko motokaa za zamani ambazo injini zake zingali zikiunguruma vizuri na mabati yake hayana kutu, lakini mwenyewe huona haya kumfungulia mgeni mlango. Viti vimechanika, springi zimejitokeza nje, na unga wa sponji iliyooza humwagika sakafuni kila motokaa ipitapo penye shimo. Mwenye motokaa hutandika shuka juu ya kiti akasema kwamba atakitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao huja ukapita, na tundu ambalo lingezibwa kwa kiraka kidogo huwa limekwisha kula kiti kizima. Wazee walisema kweli waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watu wengi hudhani kwamba kuvisha viti upya ni kazi ya karakana tu. Kwa kweli kazi hii yataka uvumilivu na mpango kuliko yatakavyo nguvu au mashine kubwa. Mtu ajuaye kufungua bolti bila kuivunja, na ajuaye kushona mshono ulionyoka kwa cherehani, aweza kuifanya kwa Jumamosi chache. Lakini yampasa kushika kanuni moja tangu mwanzo hata mwisho: kiti kikuukuu ndicho mwalimu. Kila kipande cha nguo ya zamani chaonyesha umbo, kipimo na njia ya kushonwa kwake. Mwenye kukichana kwa hasira na kukitupa ametupa mafundisho yake yote, na hapana duka atakakoweza kuyanunua tena.

Mfano utakaotumika hapa ni Volkswagen ile ya umbo la kobe, kwa sababu inajulikana sana katika nchi hii. Motokaa za namna hiyo zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, na zilitengenezwa zaidi ya 21,000,000 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa Julai, 2003. Viti vyake ni vya namna rahisi, na ajifunzaye kwa hivyo ataweza kuvifahamu viti vya motokaa nyingine nyingi za miaka hiyo.

KWANZA: HATARI ILIYOFICHIKA CHINI YA KITI

Kabla ya kushika mkasi au sindano, msomaji na ajue jambo moja ambalo limewaunguzia watu motokaa zao. Katika Volkswagen hiyo betri haiko mbele wala haiko karibu na injini. Imewekwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Juu yake pana springi za chuma, na juu ya springi pana nyuzi kavu zishikazo moto upesi. Ikiwa kifuniko cha betri kimepotea, na mtu mzito akaketi upande huo, springi huweza kushuka zikagusa vichwa vya betri. Hapo umeme hupita katika chuma, springi huwa nyekundu kama kaa la jiko, na kiti huwaka moto huku abiria wangali wameketi.

Kwa hiyo kazi huanzia hapo. Kiti cha nyuma cha kuketia huinuliwa bila kufungua bolti yo yote. Kikiisha kutoka, waya wa betri ufunguliwe. Ufunguliwe kwanza ule uliofungwa kwenye bodi ya motokaa, kisha ule wa pili. Sababu yake ni kwamba spana ikiteleza ikagusa bati wakati waya wa bodi umekwisha kutolewa, hapana cheche itakayoruka. Wakati wa kurudisha, utaratibu ni kinyume chake: waya wa bodi hufungwa mwisho.

Sakafu chini ya betri itazamwe kwa makini. Asidi ivujayo hula bati, hata fundi akishindilia kidole huona limelainika. Mahali hapo paoshwe kwa maji yenye magadi, ambayo huua ukali wa asidi, kisha pakaushwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Mikono ifunikwe na macho yalindwe. Kama bati limetoboka, liungwe na fundi wa kuchomelea kabla ya kuendelea, kwa maana hapana faida ya kukirudisha kiti kipya juu ya sakafu iliyooza. Na fundi huyo asiwashe moto wake kabla betri, viti na mazulia havijatolewa nje.

PILI: KUTOA VITI NA KUTUNZA HABARI ZAKE

Viti vya mbele vya Volkswagen hutembea juu ya reli. Husukumwa mbele mpaka kituo chao, na hapo kizuizi kidogo cha chuma hubonyezwa kwa bisibisi ili kiti kipate kutoka katika reli. Kama reli zimeshikwa na vumbi na kutu, zipakwe mafuta mepesi na kuachwa usiku mzima. Kupiga kwa nyundo kutapinda reli, na reli iliyopindika haitashika tena sawasawa.

Bolti za kila kiti zitiwe katika kopo lake, na kopo liandikwe jina. Tena inafaa kununua daftari dogo la shule. Humo ichorwe picha ya kila kiti, hata kama mchoraji hana ustadi, na iandikwe namna kila kitu kilivyofungwa: mshono wa kamba ulianzia wapi, ncha yake ilifichwa wapi, pete za chuma zilikuwa ngapi mbele na ngapi nyuma. Mwenye simu yenye kamera na apige picha pia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa kiti: baada ya majuma mawili hapana akumbukaye.

Wakati wa kufungua nguo ya zamani, mtu na ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Ndani ya kiti cha miaka mingi mna vumbi, mavi ya panya na unga wa sponji, na vitu hivyo si vyema kuvutwa kifuani. Kazi hiyo ifanywe nje, penye upepo, mbali na watoto na vyakula.

Nguo hushikwa na fremu kwa meno madogo ya chuma, au kwa pete za waya zilizobanwa kwa koleo. Meno yainuliwe polepole kwa bisibisi bapa, kwa kuwa yatatumika tena. Yakivunjika itabidi kutoboa fremu na kushona kwa waya. Pete za zamani zikatwe na kuhesabiwa, kisha zinunuliwe mpya kwa hesabu hiyo.

Nguo ikiisha kutoka isikatwe bado. Sasa ndipo ifikapo kazi ambayo wenye haraka huiruka. Kwa kalamu ya wino, kila kipande kiandikwe jina: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu. Kisha juu ya kila mshono zipigwe alama ndogo za kukatiza, moja kila baada ya sentimita 10, zikigusa vipande vyote viwili. Alama hizi zitasema baadaye wapi kipande hiki kilikutana na kile. Asiyeziweka atashona vizuri upande mmoja, na upande wa pili ataona kitambaa kimezidi kwa vidole viwili, asijue kosa lilitokea wapi.

Baada ya hayo mishono ifunguliwe kwa wembe, uzi kwa uzi. Katika pindo za ndani, mahali ambapo jua halikufika, mwenye motokaa ataona rangi yake ya kwanza kabla haijapauka. Rangi hiyo ikumbukwe kwa kukata kipande kidogo na kukigandisha katika daftari. Kama motokaa itapelekwa kuonyeshwa siku moja, mathalan katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance ambayo yamefanyika kwa miaka mingi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kipande hicho kitakuwa ushahidi mwema.

TATU: FREMU, SPRINGI NA KUJAZA

Kiti kilichovuliwa nguo chaonyesha ugonjwa wake wote. Kutu iondolewe kwa brashi ya waya, na fremu ipakwe rangi. Springi iliyovunjika iungwe au ibadilishwe. Mafundi wa jua kali wenye kufanya kazi ya chuma, kama wale wa Kamukunji katika Nairobi, huweza kuikunja nyingine kwa mfano wa ile ya zamani. Springi zote zikiisha kuwa nzima, mtu aweke kiganja chake juu yake na kubonyeza kulia na kushoto. Upande mmoja usishuke zaidi ya mwingine.

Juu ya springi za Volkswagen waliotengeneza motokaa waliweka tandiko la nyuzi za makumbi ya nazi na nywele za wanyama, zilizonyunyiziwa mpira ili zishikamane. Watu wa pwani wazijua nyuzi hizo vizuri, kwa kuwa ndizo usumba. Makumbi hufukiwa katika matope ya bahari kwa miezi, na yakiisha kuoza hupondwa kwa mti, kisha nyuzi husokotwa kuwa kamba. Usumba hauozi upesi, hupitisha hewa, na hurudi ulivyokuwa baada ya kukaliwa. Hizo ndizo sababu za kutumiwa katika viti.

Kama tandiko la zamani lingali zima, lipigwe fimbo juani litoke vumbi, lirudishwe. Kama limekuwa unga, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kununua tandiko jipya la nyuzi zilizotiwa mpira. Ya pili ni kutumia usumba mtupu, lakini huo sharti ushonwe kati ya magunia mawili, kwa mishono ya kupitia juu hata chini, kama godoro. Usipofungwa hivyo utakimbilia pembeni, na katikati pa kiti patakuwa shimo. Pamba na sufi hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa hujikusanya zikawa madonge.

Kati ya springi na tandiko liwekwe gunia zito, likafungwa katika fremu pande zote. Gunia hili halionekani na mtu, lakini likiachwa, springi zitalikata tandiko kama kisu katika muda mfupi. Juu ya tandiko iwekwe sponji ngumu yenye unene wa milimita 12 hivi ili kulainisha umbo. Sponji laini ya magodoro ya bei rahisi isitumiwe. Siku ya kwanza hupendeza, na baada ya miezi michache hulala wala haiinuki tena.

NNE: KUCHAGUA KITAMBAA NA KUKIKATA

Ngozi ya bandia ndiyo itumikayo zaidi. Haipitishi maji, huoshwa kwa kitambaa na sabuni, na bei yake ni ndogo kuliko ya ngozi ya ng'ombe. Adui yake ni jua. Kinachoifanya iwe laini hutoka polepole kwa joto, ndiyo sababu viti vya zamani hukauka na kupasuka juu, mahali pigwapo na jua kupitia kioo. Kwa hiyo mnunuzi na aulize ile iliyotengenezwa kwa ajili ya motokaa, wala si ile ya makochi ya nyumbani. Akigeuza upande wa chini ataona kitambaa kilichofumwa. Na akivute kwa mikono miwili: kinavutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Alama ya upande huo iwekwe, kwa maana vipande vyote havina budi kulala upande ule ule. Vikichanganywa, kiti kimoja kitakaza na jirani yake kitalegea.

Kujua kiasi cha kununua hakuhitaji kubahatisha. Upana wa kawaida wa kitambaa hiki ni sentimita 137. Ichorwe kwa chaki sakafuni mistari miwili yenye upana huo, na vipande vyote vya zamani vipangwe kati yake kama vile vitakavyokatwa, kila kimoja kikielekea mbele. Urefu uliotumika upimwe, na iongezwe sehemu moja ya kumi kwa ajili ya makosa. Anunuaye pungufu huweza kurudi dukani akakuta rangi ile imekwisha, na jora jipya halifanani kabisa na lile la kwanza.

Vipande vya zamani hunyooshwa na kuwekwa juu ya karatasi ngumu, vikachorwa. Karatasi hizo ndizo mifano ya kukatia. Isisahauliwe kwamba nguo ya zamani imevutika kwa miaka mingi, hasa mahali pa kuketia. Kwa hiyo kipande cha kulia kilinganishwe na cha kushoto, na mstari urekebishwe. Ukingo wa kushonea uwe milimita 12 kila upande, na alama zote za kukatiza zihamishwe.

Kabla ya kukata kitambaa cha thamani, ni vyema kushona kiti kimoja kwa shuka kuukuu au kitambaa cha bei rahisi na kukivisha. Hasara ya shuka ni ndogo. Ngozi ya bandia haisamehe: tundu la sindano lililotobolewa humo halizibiki, na mshono uliofunguliwa huacha mstari wa matundu daima.

TANO: KUSHONA

Viti vingi vya motokaa za zamani vina mistari iliyoinuka katikati, kama matuta ya viazi shambani. Mistari hii hushonwa juu ya sponji nyembamba ya milimita 6 yenye kitambaa chepesi chini yake. Hapa wengi hukosea. Kila mshono hunywa kitambaa kidogo, na mistari ikiwa kumi kipande huwa kimepungua kwa vidole kadhaa. Kwa hiyo usikate kwanza ukashona baadaye. Chukua kipande kikubwa kuliko kinachotakiwa, shona mistari yote, kisha weka karatasi ya mfano juu yake na ukate umbo lake.

Cherehani ya nyumbani ya kuzungusha kwa mkono, kama Singer za zamani, huweza kupita katika tabaka mbili au tatu ikiendeshwa polepole. Mkono huipa sindano nguvu, na mshonaji huona kila hatua. Lakini mahali ambapo tabaka nne hukutana pamoja na kamba ya ukingo, cherehani nyepesi itakwama au kuvunja sindano. Mishono hiyo michache ipelekwe kwa fundi wa viatu au wa maturubai mwenye mashine nzito. Kumlipa fundi kwa saa moja si aibu wala si hasara. Hasara ni kuvunja cherehani ya mama watoto.

Sindano iwe namba 16 au 18. Uzi uwe wa poliesta, nao uwe mnene. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na unyevu, na wa nailoni huchoka upesi zaidi kwa jua. Mishono iwe mirefu, kama mitatu katika kila sentimita moja. Mishono iliyokaribiana sana huifanya ngozi ya bandia iwe kama ukingo wa stempu za posta, nayo huchanika papo hapo siku mtu mzito aketipo.

Pini zisitumiwe, kwa kuwa huacha matundu. Vibanio vya kuanikia nguo hushika vipande viwili vizuri kabisa. Kama mguu wa cherehani wagandamana na kitambaa, kipakwe poda kidogo. Ukanda wa kufunika kamba ya ukingo ukatwe kwa upana wa sentimita 4, na kamba yenyewe iwe na unene wa milimita 4 hivi. Kwanza kamba hushonwa ndani ya ukanda wake. Pili ukanda hushonwa juu ya kipande cha kati. Mwisho vipande vya pembeni huungwa. Alama za kukatiza zikutane kila moja na mwenzake. Zisipokutana, simama ufungue vibanio, usivute kitambaa kwa nguvu ili kifike.

SITA: KUVISHA

Nguo mpya iliyoshonwa sawasawa huonekana ndogo kuliko kiti. Isimtie mtu hofu, kwa maana ndivyo inavyotakiwa. Ianikwe juani kwa nusu saa mpaka iwe laini na vuguvugu. Juu ya sponji itandazwe karatasi nyembamba ya nailoni ili nguo iteleze isishikwe.

Nguo hugeuzwa ndani nje, pembe za mbele zikawekwa mahali pake kwanza, kisha hukunjuliwa kuelekea nyuma kama mtu avishavyo foronya. Inaposhikizwa, huanzwa katikati ya mbele, halafu katikati ya nyuma, kisha katikati ya kulia na ya kushoto. Kutoka hapo mkono huenda kuelekea pembeni kidogo kidogo, kila upande kwa zamu, na pembe huwa za mwisho. Aanzaye kwenye pembe atazisukuma kunyanzi zote katikati, wala hazitatoka. Meno ya fremu yakunjwe yote, na ncha kali zielekezwe ndani zisije zikakata nguo.

Kunyanzi ndogo zinazobaki huondoka kwa mvuke wa birika, au kwa kukiacha kiti juani na kukipapasa kwa kiganja. Pasi ya moto isiguse ngozi ya bandia, kwa sababu itaiyeyusha.

SABA: MILANGO, SAKAFU NA DARI

Baada ya viti, mbao za ndani ya milango ni kazi nyepesi. Lakini wengi huzibadilisha bila kuuliza kwa nini zilioza. Maji ya mvua hushuka kando ya kioo yakaingia ndani ya mlango. Hivyo ndivyo mlango ulivyotengenezwa, na chini yake pana matundu ya kuyatolea. Matundu yakizibwa na matope, maji hutuama na kuoza mlango. Na kama karatasi ya nailoni iliyokuwa nyuma ya ubao imechanika, ubao hunywa maji ukapinda. Kwa hiyo kwanza zibua matundu, pili gandisha karatasi mpya, tatu upake ubao mpya vanishi pande zote mbili kabla ya kuuvisha. Wakati wa kuutoa ule wa zamani, usivute ukingo. Ingiza bisibisi bapa karibu na kila kibanio na kukiinua peke yake.

Mazulia huwa rahisi, kwa kuwa yale ya zamani hutumika kama mfano. Yasitandikwe juu ya sakafu yenye unyevu.

Dari ni habari nyingine. Kitambaa chake huning'inia katika fimbo za chuma, na kingo zake hupita chini ya mpira wa kioo cha mbele na cha nyuma, hata vioo hivyo havina budi kutolewa. Mtu ajifunzaye aiache kazi hiyo mpaka amevisha viti vyote, au amkabidhi fundi. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima mwenye busara pia hujua shamba lisilomfaa bado.

NANE: KURUDISHA VITI NA KUVIJARIBU

Kiti kikiisha kuwa kizuri, mtu hutamani kukirudisha mara moja na kuwaita majirani. Asubiri kidogo. Reli zifutwe na kupakwa grisi kidogo, na mtego wa kushikia kiti utazamwe kama waingia katika meno yake kabisa. Kitambaa kipya ni kinene kuliko cha zamani, na pindo lake huweza kuuzuia mtego usishike. Kiti kisichoshika huteleza nyuma motokaa ipandapo mlima, na mguu wa dereva huiacha breki. Hatari ya namna hiyo haionekani motokaa ikiwa imesimama mbele ya nyumba.

Kwa hiyo dereva aketi, asukume kwa miguu na kwa mgongo, kisha aiendeshe polepole mahali pasipo watu na kushika breki mara kadhaa. Mikanda ya usalama, kama ipo, itoke nje ya viti bila kubanwa wala kufunikwa. Kifuniko cha betri kirudishwe kabla ya kiti cha nyuma, na kama hakipo kinunuliwe au kitengenezwe kwa kitu kisichopitisha umeme, wala si bati tupu.

Baada ya hapo, utunzaji wake ni mwepesi. Viti vifutwe kwa maji na sabuni laini; petroli na mafuta ya taa visitumiwe kamwe, kwa kuwa hukausha ngozi ya bandia. Motokaa isimame kivulini ikiwezekana. Na siku mshono mmoja utakapofumuka, ushonwe siku ile ile kwa sindano ya mkono.

Daftari lisitupwe. Liwekwe ndani ya motokaa pamoja na karatasi za mifano. Baba aliyeshona viti kwa mikono yake humwachia mwanawe motokaa, na pamoja nayo njia ya kuitunza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini waya wa betri uliofungwa kwenye bodi hufunguliwa kwanza, na hufungwa mwisho?

2. Alama za kukatiza mishono huwekwa wakati gani, na zina faida gani?

3. Kwa nini gunia huwekwa kati ya springi na tandiko?

4. Kipande chenye mistari hushonwa kabla ya kukatwa umbo lake. Eleza sababu.

5. Mtu amerudisha kiti cha dereva nacho chapendeza. Ni mambo gani matatu atakayoyatazama kabla ya kuingia barabarani?